Presha ya Madam

Kutoka mlango wa nyumba yake mpaka lango la barabarani zilikuwa hatua arobaini na mbili. Madam alizigawa mafungu manne, na mwisho wa kila fungu alisimama akajifanya ana shughuli: anang'oa jani kavu la sukuma wiki, anakagua waya wa kuanikia nguo, anatazama ng'ombe wanaoswagwa kwenda mnadani Lubao. Wapita njia walimwona mama mtu mzima mwenye nafasi na bustani safi. Hawakujua kwamba anangoja kifua kimrudishie hewa. Wakimsalimu aliinua mkono bila kufungua mdomo, na wengine walisema ana maringo.

"Salamu ni pumzi mbili," aliniambia. "Kuna siku sina mbili za kugawa."

Namwita Madam kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo. Hata binti yake, aliyekuwa akifanya kazi Qatar, nilimsikia kwenye simu akiuliza, "Madam, umekula?" kama sisi wengine. Habari za kuzaliwa kwake, ukoo wake na shule alizosoma zilisomwa siku ya mazishi, kutoka karatasi nzuri yenye picha ya rangi iliyoandaliwa na ndugu waliotoka mbali. Sina la kuziongezea. Karatasi ile ilisema pia kwamba marehemu aliugua presha kwa muda mrefu. Neno hilo ndilo lililonikalisha chini niandike, kwa sababu lilimdhuru karibu sawa na ugonjwa wenyewe.

Alinifundisha biolojia mwaka mmoja na nusu, kisha nikaacha shule. Sikufukuzwa. Nilichoka kukaa mahali pamoja, na uchovu huo haujaniisha mpaka leo. Nimekuwa utingo wa trekta la miwa, nimepaka rangi madarasa, nimechochea moto kwenye kiwanda kidogo cha sukari guru karibu na Butere, nimechimba visima na vyoo. Miaka ishirini na zaidi baada ya shule nilikuwa ndani ya shimo la choo kwa jirani yake, kichwa tu kikionekana, nikasikia sauti juu yangu.

"Wewe. Kidato cha pili. Kazi ya figo ni nini?"

"Kuchuja damu, Madam."

"Na nini kingine?"

Sikujua. Akaenda zake polepole. Kesho yake nilikwenda kwake kuuliza hicho kingine, na nikaendelea kwenda kwa miaka minne. Nilipanga chumba nyuma ya soko la Lubao, nikawa namtengenezea mifereji ya paa, namkatia majani, namtekea maji. Malipo yalikuwa chai na maswali.

Chai yake ilikuwa mbaya. Aliichemsha mpaka ikawa nyeusi hata ikiwa na maziwa, na hakutia sukari, hakutia chumvi, hakutia kitu. Maswali yake yalikuwa mabaya zaidi. Ukimwambia mahindi ya fulani yameharibika kwa sababu ya jicho la watu, hakubishana na jicho. Aliuliza jani lilianza kukauka upande gani. "Usiniambie unachofikiri," alisema. "Niambie ulichoona." Nadhani nilimsikia akisema hivyo mara nyingi kuliko nilivyomsikia akisema jina langu. Ubao wa matangazo wa kanisa aliusahihisha kwa kalamu nyekundu, na mchungaji akaacha kuandika mwenyewe, akawa anamletea rasimu nyumbani.

Ila hakuwa mtu wa upande mmoja tu. Aliwacheka waliokunywa mizizi, na kabatini kwake, nyuma ya vikombe vya wageni, kulikuwa na chupa ya mafuta ya maombi aliyoletewa na mhubiri wa hema. Niliiona nilipokuwa nikitafuta majani ya chai.

"Hii ni ya nini, Madam?"

"Ya siku ambayo daktari hatakuja."

"Inafanya kazi?"

"Sijaipima. Irudishe."

Ugonjwa wake ulikaa miaka mitatu bila jina. Kwanza waliuita pumu, akapewa cha kuvuta mdomoni. Kisha wakaamua ni uzee, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho. Kila alipokwenda kliniki walimfunga mkono kwa kile kitambaa kinachojaa upepo, wakapampu, wakasoma, wakatabasamu. Siku moja nilimsindikiza. Muuguzi alimwambia, "Presha yako ni ya msichana, Madam. Wengine wangeiomba." Madam alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kucha zake zikiwa na rangi ya wino. Hakujibu. Hakuwa na pumzi ya kujibu, na muuguzi alidhani amefurahi.

Aliyemtambua alikuwa daktari kijana aliyetazama shingo yake kabla ya kugusa mkono. Aliona mishipa imesimama kama kamba. Akamtuma akapigwe picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na majibu yalipotoka alimkalisha, akamwambia kwamba presha ipo, na ni kubwa, lakini haiko mkononi. Iko kwenye mishipa inayotoka upande wa kulia wa moyo kwenda kwenye mapafu. Kitambaa cha mkononi hakiwezi kuifikia. Ungeweza kumpima kila siku mpaka afe na usomaji ukawa mzuri.

Madam hakulia. Alirudi nyumbani akafungua simu akasoma siku nne, akiandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Siku ya tano aliniita jikoni. Nilikuta mchoro wa bomba lenye ukuta mnene na tundu dogo katikati.

"Kwa nini mishipa ijifunge yenyewe?" nilimuuliza.

"Umewahi kuchochea tanuru la sukari guru, sivyo? Niambie ulichoona."

Nikamwambia. Makapi ya miwa yakiwa makavu na mdomo wa tanuru ukiwa wazi, moto huwa mweupe, hauna moshi, na maji ya miwa huchemka mpaka yakaruka. Ukiziba hewa, au makapi yakiwa mabichi, moshi hujaa, moto huwa mwekundu na mvivu, na unaweza kumaliza rundo zima la makapi na sufuria bado iko vuguvugu.

"Basi," alisema. "Ndani ya kila seli kuna majiko madogo sana. Mitokondria. Nilikufundisha, ukasahau. Yanachukua chakula na hewa, yanatoa nguvu. Katika ukuta wa mishipa yangu ya mapafu majiko hayo yameharibika. Yamepunguza kutumia hewa. Seli zinaishi kwa sukari iliyoungua nusu, kama tanuru lako lililozibwa."

"Kwa hiyo hewa haifiki?"

"Hewa ipo. Hapo ndipo penye ubaya." Akapumzika. "Jiko hilohilo ndilo kipimo cha hewa. Kwa mtu mzima wa afya, sehemu moja ya pafu ikikosa hewa, mshipa wa hapo unajifinya, ili damu iende upande wenye hewa. Ni mpango mzuri. Sasa jiko likiharibika linatoa ripoti ya uongo. Linasema hakuna hewa, na hewa imejaa tele. Mshipa unajifinya. Wa jirani unajifinya. Pafu zima linajifinya kwa habari ya uongo."

Nilitazama mchoro. Nilisema basi si ni kuifungua tu.

"Kuna la pili. Jiko ndilo linalosaidia kuamua seli ife lini. Seli ikichoka au ikiharibika, mitokondria inafungua mlango, seli inakufa kimya kimya na mwili unaendelea. Za kwangu zimeacha kazi hiyo pia. Kwa hiyo hazifi. Zinazaana, ukuta unanenepa kwa ndani, tundu linabaki hilo unaloliona." Akaweka kalamu chini. "Ninakufa kwa sababu kuna vitu ndani yangu vimekataa kufa."

Alisema kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari. Mimi ndiye niliyeangalia pembeni.

Nilimuuliza ni nini kilichoharibu majiko. Alisema hajui, na waliosoma zaidi yake hawajui vizuri pia. Kuna wanaorithi, kuna wanaopata kwa maradhi mengine ya moyo au ya mapafu, kuna ambao hakuna sababu inayoonekana, na yeye alikuwa wa hao. Majiko ni sehemu ya maelezo, alisema, si maelezo yote, na nisije nikaenda sokoni kutangaza kwamba Madam amejua kila kitu. Kisha akanieleza habari ya moyo. Upande wa kushoto umezoea kazi nzito, unasukuma damu mwili mzima. Upande wa kulia una kuta nyembamba, kazi yake ni kusukuma damu hapo jirani tu kwenye mapafu, mahali palipo laini. Sasa upande huo ulikuwa unasukuma kwenye matundu ya sindano, usiku na mchana. Ungevimba, ungejaribu, halafu ungelegea.

"Dawa haitengenezi jiko," alisema. "Inalegeza mshipa tu, moyo upumue. Lakini ikikatika ghafla mshipa unajifinya tena, na moyo hauna tena nguvu uliyokuwa nayo mwanzo. Kwa hiyo haitakiwi kukatika."

Na hapo ndipo nilipoingia, kwa sababu dawa aliyoandikiwa ilikuwa ni kile kidonge cha buluu.

Watu wazima wanakijua. Kimeandikwa kwenye karatasi za ukutani katika vyoo vya stendi, na wanaume hukinunua wakiwa wamevaa kofia. Daktari alimweleza kwamba kabla hakijajulikana kwa kazi ile, au pamoja na kazi ile, kinalegeza mishipa, na mishipa ya mapafu inakisikia sana. Alitakiwa kumeza kipande mara tatu kwa siku. Duka la dawa lilikuwa mjini Kakamega, na yeye hakuweza kupanda ngazi zake, kwa hiyo nilikwenda mimi. Mara ya kwanza kijana wa kaunta alisoma karatasi ya daktari akanikonyeza.

"Boss, kuna mechi leo?"

"Ni za mgonjwa."

"Zote huwa ni za mgonjwa. Mara tatu kwa siku? Huyo mgonjwa tumwombee."

Nilicheka, kwa sababu ilichekesha, na nilipofika nyumbani nikamsimulia Madam nikidhani naye atacheka. Akachukua pakiti, akazikata nembo kwa mkasi, akavitia vidonge kwenye kopo la zamani la kahawa.

Mwanamke huyu alitufundisha sura ya uzazi tukiwa na miaka kumi na mitano. Alitusimamisha mmoja mmoja tutamke majina ya viungo kwa sauti, na aliyecheka alirudia mara kumi. "Ni kiungo," alisema. "Unacheka kiungo? Cheka basi na goti." Nilitegemea mtu huyo awe na ujasiri wa neno lolote. Lakini tulipokuwa darasani alikuwa akisema viungo vya watu wote. Hakuwa akisema vya kwake, mjane kwa miaka kumi na moja, msomaji wa somo la kwanza kanisani kila Jumapili.

Mama Mwenyekiti, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alikuwa rafiki yake wa karibu. Mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti inayotangulia mlangoni na ulimi ambao mara nyingi huigeuza l kuwa r. Aliingia chumbani siku moja na mboga, akaliona kopo.

"Madamu, hizi unamezanga ni za nini?"

Na Madam, ambaye angekunyima alama kwa kuandika "mshipa" badala ya "ateri", akajibu, "Za presha."

Hakusema ya mapafu. Hakusema jina la dawa. Alitumia neno la jumla, lile ambalo kila mtu wa umri wake hapa kwetu analo na dawa yake anayo. Aliniambia baadaye kwamba alijua ni kosa neno lilipokuwa bado mdomoni.

Huku kwetu dawa ya presha huazimwa kama chumvi. Ya kwako ikiisha kabla ya siku ya kliniki, unapita kwa jirani. Mume wa Mama Mwenyekiti, mzee wa kanisa, mtu mkimya wa kola iliyofungwa mpaka juu, alikuwa ameishiwa. Mama Mwenyekiti akachota vidonge viwili kwenye kopo, bila kuuliza, kwa sababu hakuna anayeuliza. Presha ni presha. Mzee akameza vyote viwili asubuhi moja na chai. Kufika saa nne uso ulikuwa mwekundu, kichwa kinagonga, anasema ukuta umekuwa wa buluu. Yapo na mambo mengine ambayo Mama Mwenyekiti hakuwahi kuyataja, na ambayo watu wote waliyataja kwa niaba yake. Alirudi kwenye kopo akachukua kidonge cha tatu, akakipeleka mjini kwenye duka la dawa kuuliza ni presha ya namna gani hii.

Kijana wa kaunta alimjibu mbele ya watu.

Kufikia Jumapili Lubao nzima ilikuwa na habari. Mjane. Kopo zima. Mara tatu kwa siku. Na nani anayezinunua? Yule mtu wa kuchimba vyoo, anayeingia pale kila alasiri. Sokoni walinibatiza Baba Mdogo. "Baba Mdogo, umeshindaje? Mgongo haujambo?" Mzee aliyeuza kamba za ng'ombe, ambaye hakuwahi kunisemesha, aliniuliza kama ninafundishwa bure au kuna karo.

Kanisani hawakumfukuza. Walimwambia apumzike kusoma somo, kwa kuwa wanaona anahema. Ni kweli alikuwa akihema. Alizikata aya kwa pumzi zake, na waumini walikuwa wamezoea, hata watoto walijua wapi atasimama. Lakini alihema vile kwa mwaka mzima na hakuna aliyekuwa amemwonea huruma mpaka wiki ile.

"Waeleze," nilimwambia. "Chora lile bomba, waone."

"Niwaambie ni ya mapafu? Wataniuliza mapafu yangu yameshuka mpaka wapi."

Nilicheka. Yeye pia alicheka, mara ya mwisho ninayoikumbuka, na kicheko kilimgharimu. Alikaa robo saa ameinama, mkono kifuani.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Wiki tatu nilivumilia. Kisha kukaja habari kwamba huko Musanda wanatafuta wakataji wa miwa, nikajikuta nimeshafunga mfuko. Nilijiambia namwondolea aibu. Nikiondoka mimi, maneno yatakosa miguu. Lilikuwa jambo la maana kulisema, na ndiyo maana nilijiambia mara nyingi. Ukweli ni kwamba nilichoka kuchekwa, na nimekuwa nikiondoka kila mahali kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Nani atakununulia?" nilimuuliza.

"Binti yangu atatuma mtu."

Binti yake alikuwa Qatar, na katika Lubao hakuwa na mtu wa kutuma. Nilijua hivyo. Madam alijua kwamba najua. Nikasema, "Sawa, Madam," nikaondoka.

Nilikata miwa miezi mitano. Nilipiga simu mara tatu. Mara ya kwanza alinieleza habari ndefu ya mchwa. Mara ya pili alisema, "Mvua ipo. Niko sawa." Mara ya tatu alisema, "Niko," na nikamsikia akivuta hewa ili aongeze neno la pili, na neno halikuja. Hata hapo nilikaa siku kumi zaidi, kwa sababu shamba halikuwa limeisha.

Nilipofungua lango hakuwa bustanini. Sukuma wiki zilikuwa zimetoa mbegu. Nilimkuta sebuleni kwenye kiti, amewekewa mito pande zote ili asilale chali, maana akilala chali alizama. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa, tumbo nalo lilikuwa limejaa maji. Midomo ilikuwa rangi ya zambarau. Alinitazama muda mrefu kabla ya kusema, na baadaye nilielewa kwamba alikuwa akikusanya pumzi.

"Umekonda," alisema.

Nilikwenda chumbani. Kopo la kahawa lilikuwa tupu na kavu.

Alinisimulia kwa vipande, na mimi naunganisha. Vidonge nilivyoacha vilipoisha alipanda pikipiki mwenyewe mpaka mjini, akapanda zile ngazi akipumzika kila moja. Juu, kijana wa kaunta hakuwapo. Palikuwa na msichana, mwanafunzi wake wa zamani. Msichana alisoma karatasi, akauliza kwa heshima kabisa, "Madam, hizi ni za nani?" Watu watatu walikuwa nyuma yake kwenye mstari. Madam akasema, "Za mzee wangu."

Msichana alikuwa amekuja kwenye mazishi ya huyo mzee. Aliinamisha macho. Madam aliichukua tena karatasi ya daktari, akaikunja, akashuka ngazi bila dawa. Hizo zilikuwa wiki tisa zilizopita.

"Nilidanganya," alisema. "Kama jiko."

Nilisema nakwenda mjini sasa hivi.

"Upande wa kulia umeshalegea," alisema. "Nimesoma. Hairudi."

"Nakwenda hata hivyo."

Sikupata kutoka. Mama Mwenyekiti aliingia na sahani mbili zilizofunikwa, obusuma, ugali wa kwetu, na mchuzi wa kuku. Kumbe alikuwa akija kila siku. Alikuwa amemnunia Madam miezi yote ile, na kila mchana alimletea chakula, akakiweka mezani, akaosha vyombo vya jana, akaondoka bila kuongea. Aliponiona alisimama.

"Aa. Umerudi."

"Nimerudi, Mama."

"Ulikuwa unararanga wapi?"

"Musanda. Kwenye miwa."

"Mm." Akaweka sahani. "Rakini huyu hakuwa na miwa."

Nilistahili hilo. Alikuwa ameshageuka kwenda kwenye vyombo Madam alipoinua kidole kimoja kutoka kwenye mkono wa kiti.

"Mweleze," aliniambia.

Nikamweleza. Sikuwa na ubao. Nilitumia mwanzi wa kunywea maji uliokuwa mezani, nikaufinya katikati. Nilimwambia habari ya majiko, ripoti ya uongo, ukuta unaonenepa, moyo wa kulia, na kazi ya kile kidonge humo. Nilipokosea Madam alifungua macho, nami nikarudi nyuma nikasema upya. Mama Mwenyekiti alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha vyombo mkononi kikidondosha maji sakafuni.

"Kwa hivyo ni presha kweri," alisema.

"Ni presha kweli."

"Ila si yetu."

"Si yenu."

Alimgeukia Madam. "Na kwa nini hukuniambia mimi? Mimi nimekuoshea maiti ya bwana yako."

Madam alitafuta jibu. Niliona anapima urefu wake. "Niliona haya," alisema.

"Na mimi niriona haya. Mzee wangu hakutoka nje mwezi mzima." Akakaa mkono wa kiti cha pili, mzito, kikalia. "Ningemuua. Ana maradhi ya moyo, yure." Kisha akakausha mikono kwenye leso yake, akainyoosha. "Karatasi iko wapi?"

"Nitakwenda mimi, Mama," nilisema.

"Wewe ukienda watacheka. Mimi ni mwenyekiti." Akaishika karatasi mbali na macho yake. "Hii inaitwaje? Siru... sirudenafiri."

"Sil," Madam alisema.

"Sir."

"Sil." Akapumua. "De." Akapumua. "Na." Nilitaka kumwambia aache, nikaona uso wake, nikamwacha amalize. "Fil."

Mama Mwenyekiti alitoka akilirudia. Alishuka njia yote ile bila kusimama hata mara moja, na langoni wanawake waliokuwa wakitoka sokoni walimsalimu wakamuuliza kulikoni, anakimbilia wapi. Tuliisikia sauti yake mpaka sebuleni.

"Nakwenda mjini kumununuria Madamu dawa yake ya mapafu. Sirudenafiri. Eh, hiyo hiyo mnayoijua."

Madam alikuwa amefumba macho.

"Bado anakosea," alisema. Nilidhani amemaliza. "Mfuate." Kifua kikapanda, kikashuka. "Msahihishe."

Nilimkuta barabarani anapungia pikipiki. Tulipanda moja, yeye kati yangu na dereva, na njia nzima mpaka Kakamega alilirudia jina la dawa begani kwa dereva mpaka likakaa sawa. Kwenye kaunta aliliita kwa sauti ya kutangaza kanisani, na hakuna aliyecheka. Tulirudi na dawa ya mwezi mzima. Madam aliimeza siku sita.